Pole Inapomwendea Mshauri

Tangu Januari 2024, Serikali ya Tanzania ilipozindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima, mazungumzo mengi yamehusu posho, vifaa na nani ateuliwe. Jambo moja limepita bila kuulizwa. Ushauri nasaha unazidi kutoka kwenye chumba chenye mlango wa kufunga na kuhamia barazani, kwa mtu anayeishi mtaa uleule na mteja wake. Mhudumu wa Tandahimba au Liwale, huku kusini, anamjua mteja, na mteja naye anamjua: anajua ameoa mara ngapi, shamba lake liko wapi, na mwaka jana nani alifariki nyumbani kwake. Wengi wameipokea hali hii kwa furaha ya haraka. Wanasema mshauri wa namna hii atakuelewa kwa kuwa naye yamemkuta, na atakuambia alivyovuka. Waliosomea kazi hii vyuoni wanakunja uso na kusema mshauri hatakiwi kujisimulia hata kidogo. Nionavyo, pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Kujadili kama mshauri ajulikane au asijulikane, kwa Newala au Kilwa Kivinje, ni kupoteza muda, kwa sababu mji umeshamsimulia. Kinachobaki ni kipimo: aseme nini kuhusu nafsi yake, wakati gani, na arudi vipi kwa mteja. Na kipimo hicho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika kikao cha dakika 45 ni sentensi mbili au tatu, na vikao vingi havihitaji hata moja.

Wanaokataza wana asili yao. Mwaka 1912 Sigmund Freud aliwaandikia madaktari wenzake kwamba mchambuzi wa nafsi awe kama kioo: asimwonyeshe mgonjwa chochote isipokuwa kile ambacho mgonjwa mwenyewe amekileta. Kauli hiyo ikawa sheria vyuoni, ikasafiri mpaka kwenye vitini vya mafunzo visivyomtaja hata kwa jina. Lakini chumba cha Freud mjini Vienna kilijaa sanamu za kale alizozikusanya mwenyewe, uzeeni mbwa wake Jofi alikuwa akilala humo wagonjwa wakizungumza, na kumbukumbu zake za mgonjwa mmoja maarufu zinaonyesha kwamba alipomkuta na njaa alimpa chakula. Mtu anayekulisha na kukukaribisha penye mbwa wake ameshakueleza mengi. Wanaoruhusu nao humkimbilia mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeandika mwaka 1957 kwamba mshauri awe mkweli ndani ya uhusiano wake na mteja. Wangesoma mistari michache mbele wangekuta ameeleza kwamba lengo si mshauri kumwaga hisia zake, ila asimdanganye mteja kuhusu yeye ni nani. Kutodanganya hakumlazimishi mtu kusimulia.

Hoja yenye nguvu ya kuruhusu haitoki vyuoni hata hivyo, inatoka kwa watu walioumwa. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili waligundua kwamba kuzungumza mlevi kwa mlevi kuliwasaidia kukaa bila pombe, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous. Kwetu mfano ulio karibu ni WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, walioko kwenye kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC. Mtu aliyepokea majibu asubuhi hii, akiwa anawaza kaburi, anapoona mwanamke mnene mwenye kanga safi akimwambia, "Mimi nakunywa dawa hizi mwaka wa kumi na tano," amepata kitu ambacho daktari hawezi kumpa kwa maneno yoyote. Aibu inapungua kwa sababu mwenye hali kama yake amekaa mbele yake, anapumua na kucheka. Utafiti nao unaunga mkono kwa kiasi. Mwaka 2001 Barrett na Berman, nchini Marekani, walichapisha jaribio ambamo kila mshauri wa kituo cha chuo kikuu alikuwa na wateja wawili: kwa mmoja aliongeza kujitaja, kwa mwingine alijizuia. Wateja waliosikia zaidi habari za mshauri walisema dalili zao zilipungua zaidi, na walimpenda mshauri wao zaidi. Anayenukuu jaribio hili aseme na upande wake wa pili: lilifanyika katika kituo cha chuo, ambako kikao kikiisha mshauri na mteja hawakutani kisimani, msikitini wala kwenye mnada wa korosho.

Iko hoja moja ya upande huu ambayo ni dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba asiyeyapitia hawezi kumshauri aliyeyapitia. Kuyapitia humfundisha mtu njia moja, ile aliyopita yeye. Chukua wakulima wawili walioishia kuuza korosho zao kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi asiye rasmi, kabla ya mnada. Wa kwanza, ambaye leo ni mshauri, aliuza kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga ulikausha maua, dawa ya salfa ilichelewa, mavuno yakawa haba na ada ya mtoto ikawa inadaiwa. Wa pili, mteja wake, aliuza kwa sababu kaka yake alishachukua fedha kwa mnunuzi akiweka rehani sehemu ya dada yake huyo, bila dada kujua. Mshauri akikimbilia "na mimi niliuza kangomba, najua inavyouma," amejibu habari ya hasara, na mteja alileta habari ya kaka. Dada huyo atatikisa kichwa kwa heshima, ataondoka, na lile la kaka hatalisema tena pale. Kufanana kwa tukio kumeficha kutofautiana kwa jeraha.

Kuyapitia huchakaa pia. Aliyeanza dawa za kufubaza VVU miaka ya mwanzo wa huduma hiyo, iliyoanza nchini mwaka 2004, huenda alipewa stavudine, dawa iliyowachoma watu miguu na kuwakondesha mashavu mpaka Shirika la Afya Duniani likapendekeza mwaka 2009 iachwe. Aliyefuatia huenda alipewa mchanganyiko wenye efavirenz, unaoleta kizunguzungu na ndoto kali usiku. Tangu 2019 Tanzania ilianza kuhamia mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao kwa walio wengi ni mwepisi zaidi. Mshauri wa zamani akimsimulia mteja mpya ndoto zake za miaka ile, kwa nia njema ya kumwandaa, anamtisha kwa dawa ambayo mteja hatapewa. Mteja anaificha chupa kabatini, mwezi wa pili anaitwa mtoro wa dawa, na hakuna anayekumbuka kwamba utoro ulianzia kwenye simulizi. Yote aliyosimulia mshauri yalikuwa kweli, na bado yalimwumiza mteja.

Kiswahili nacho kina mtego wake, ambao vitini vilivyotafsiriwa haviugusi, na jina lake ni pole. Mtu akitaja msiba, aliyesikia hangoji kufikiri. Mdomo wenyewe unatoa pole. Sasa mama amekuja kulia juu ya mwanawe aliyekufa maji. Mshauri anasema, "Hata mimi nilifiwa na mtoto." Mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga: "Pole sana, dada yangu. Alikuwa mkubwa?" Kikao kimegeuka. Mama hana kosa, ana adabu tu, na adabu inamtaka aulize, asikilize, afariji. Mshauri anajibu, maana kutojibu ni ukali, na dakika tano zinakwenda. Zamu ikirudi kwa mama, anaufupisha msiba wake, kwa kuwa amemkuta mwenzake ana mzigo. Ukitaka kujua kama mshauri amezidisha kipimo, tega sikio hapo: pole ya mteja kwa mshauri ndiyo dalili ya kwanza. Ya pili huja kikao kinachofuata, mteja anapoanza kwa kuuliza "mama yako anaendeleaje?" kabla hajaketi. Ya tatu ni mteja kusema "nimefanya kama ulivyofanya wewe." Ya nne ni kiti kitupu.

Hiyo ya tatu ina uzito wa pekee huku kwetu. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili ni watu wanaofuata ukoo wa mama, na mjomba kwao ana sauti ambayo baba wa mtoto huenda hana. Kijana anayemwita mshauri "mjomba" hamwiti hivyo kwa kupamba maneno. Mshauri huyo akisema "mimi mke aliponiondokea nilimfuata kwao," yeye anadhani ametoa mfano, kijana amepokea agizo. Pengine kwa kijana huyu kumfuata mke ni hatari, pengine mke alikimbia kipigo. Kadiri mteja anavyomheshimu mshauri, ndivyo simulizi la mshauri linavyompunguzia nafasi ya kufanya tofauti.

Wengine hutetea kwa kusema mila zetu ndizo za kusimuliana. Sina hakika wamezitazama vizuri. Unyagoni mafunzo mazito hupita kwenye mizungu, yaani mafumbo, nyimbo na ishara. Uzuri wa fumbo ni kwamba halina jina la mtu. Mwali anafundishwa habari za ndoa bila kubebeshwa ndoa ya somo wake. Wazee walikuwa na kitu cha kusimama kati ya mwalimu na mwanafunzi, na mshauri anayejisimulia hukiondoa hicho.

Hata salamu zetu zinafundisha kipimo, tukizisikiliza. Mteja ataingia aulize habari za nyumbani, watoto, kazi. Kukwepa kwa kusema "hapa hatuzungumzi habari zangu" ni kumpiga kofi mgeni mlangoni. Mshauri anajibu salama, nzuri, hawajambo. Shida huanzia kwenye neno dogo linalofuata: ila. "Nzuri, ila mtoto alilazwa Ligula wiki nzima." Kabla ya "ila" ni uungwana, baada yake ni kujisimulia. Mshauri aishie kwenye nukta.

Nyuma ya nukta hiyo mambo hayalingani uzito. Yapo yasiyofichika: pete, mimba, hijabu, rozari, lafudhi. Hayo yasisemwe mpaka yaulizwe, na yakiulizwa yasikanwe. Yapo ya kazi, kama elimu yake, muda aliofanya kazi, siri inalindwaje na mipaka ya ulinzi huo ni ipi. Haya mteja anayadai kwa haki na ayapewe kikao cha kwanza bila kuomba. Yapo ya pale pale chumbani: "Uliposema hukumuaga, nimeguswa." Haya husaidia mara nyingi kuliko watu wanavyojua, kwa sababu yanamhusu mteja hata yakitoka kwa mshauri. Ya maisha yaliyopita, "hata mimi niliwahi," ndiyo yenye haja ya mizani. Ya maisha yanayoendelea, ndoa inayoyumba sasa, deni la sasa, ugonjwa wa sasa, hayana nafasi. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011, unasema wazi kwa wanaokwenda kwenye maafa: usizungumzie shida zako mwenyewe, na usimsimulie mtu kisa cha mwingine. Mwongozo ule ni wa siku za kwanza baada ya janga, na hapo katazo halina mjadala. Halina mjadala pia kwa mteja anayetaja kujiua. Huyo aulizwe moja kwa moja kama ana mpango na ana nini mkononi, ndugu wahamishe viuatilifu vya mikorosho vilivyo nyumbani, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mshauri aliyewahi kuwa na mawazo hayo aende nayo kwa msimamizi wake, siku nyingine.

Kwa hayo ya "niliwahi," mshauri ajiulize kwanza nani anayataka yasemwe. Kama ulimi unawasha kwa sababu kikao kimekuwa kizito na ukimya unamtesa yeye, anyamaze. Ajiulize kama jambo limepoa. Asiyeweza kulisema nyumbani bila sauti kukatika hajawa tayari kulisema kazini. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: likivuja jioni hii, nitaweza kuishi nalo? Usiri wa ushauri nasaha unafunga upande mmoja tu. Sheria ya kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2008 inamtaka anayehudumia alinde taarifa za anayehudumiwa, lakini haimtaki mteja alinde za mshauri. Mteja akitoka pale ana uhuru wa kumweleza mumewe, jirani, na kundi zima la vikoba. Wala si ya mshauri peke yake yanayovuja. Mshauri mwanamke akisema "mume wangu naye alikuwa na nyumba ndogo," mume huyo yupo mjini na anajulikana. Mshauri anayetaja hali yake ya VVU ana haki hiyo kamili, ila akiongeza "na mwanangu wa tatu ndiye aliyepata," amemtangaza mtoto asiyeulizwa.

Akiona bado inafaa, aseme kwa ufupi, kwa wakati uliopita, bila kueleza alitatuaje, kisha arudishe neno kwa mwenyewe. Mfano kwa aliyefukuzwa kazi: "Niliwahi kukaa miezi kadhaa bila kazi. Nakuambia ili ujue sitakuhukumu. Kwako, usiku ndio mgumu au asubuhi?" Ni sentensi tatu, na ya mwisho ni swali. Sentensi ya katikati isiachwe, kwa kuwa bila kuelezwa sababu mteja atajitafutia yake, na mara nyingi huwaza kwamba anaambiwa apunguze kulalamika. Aepuke kabisa "kama wewe" na "najua unavyojisikia." Kabla kikao hakijaisha aulize, "Lile nililolisema kuhusu mimi, umelipokeaje?" Halafu aliandike kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na sababu yake. Akiona haya kuliandika, basi jambo lenyewe halikupaswa kusemwa.

Mteja akiuliza mwenyewe? "Wewe umezaa?" Kuna kitabu cha mafunzo kitakachokuambia ujibu, "Kwa nini unauliza?" Kwa Mswahili hilo ni jibu la polisi. Ajibu ndiyo au hapana, kisha: "Naona ni muhimu kwako kujua. Unahofu sitaelewa kitu gani?" Mara nyingi nyuma ya swali kuna hofu hiyo, na ikitajwa, watoto wa mshauri husahaulika. Asilolitaka kulijibu alisema hivyo kwa upole na aombe radhi mara moja tu. Uongo usitumike hata mdogo, kwani mji utamsahihisha.

Shuleni kipimo kishuke karibu na sifuri. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wanafunzi waliokatisha masomo warejee, wakiwamo waliojifungua, mwalimu wa malezi hukutana na binti mwenye mtoto nyumbani na vicheko vya wenzake darasani. Kishawishi cha kumwambia "hata mimi nilizaa mapema na leo ni mwalimu" ni kikubwa na kina huruma ndani yake. Lakini binti huyo anarudi darasani na siri ya mtu anayemsahihishia mtihani. Akiitoa, amemvunjia mwalimu heshima. Akiitunza, amepewa mzigo wa mtu mzima. Simu nazo zinahitaji mstari mmoja: laini ya kazi iwe tofauti na ya nyumbani, na wateja wafichwe kwenye orodha ya wanaoona status, kwa sababu picha ya sherehe ya jana usiku huingia kikaoni kabla ya mshauri.

Wanaohofia kwamba mshauri mwenye kujizuia hivi atakuwa baridi watazame Harare, Zimbabwe. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amewatumia akina bibi wa mitaa wasio na shahada kuketi kwenye mabenchi ya nje ya zahanati na watu wenye sonona. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa 2016, lilionyesha nafuu kubwa. Hao ni majirani wa wateja wao, wanajulikana kama wahudumu wetu watakavyojulikana. Kilichopimwa kilikuwa hatua za kutatua tatizo ndani ya vikao visivyozidi sita, ya kwanza ikiitwa kwa Kishona "kuvhura pfungwa," kufungua akili. Akili inayofunguliwa pale ni ya aliyekuja kukaa benchini.

Kwa mpango wetu wa wahudumu, maana yake ni ya kawaida kabisa na ina gharama ndogo. Fomu ya usimamizi shirikishi iongezewe mstari mmoja: mwezi huu ulijitaja wapi, kwa nini, kikatokea nini. Mafunzo yatenge nusu siku ya mazoezi ya wawili wawili, mmoja akitoa pole na mwingine akijifunza kuipokea kwa neno moja, "ahsante," na kurudi kwa mteja. Atakayezidisha, na kila mmoja atazidisha siku moja, afundishwe kurekebisha mwanzoni mwa kikao kinachofuata: "Juzi nilizungumza sana habari zangu, nikakukatiza ulipokuwa unaeleza ya mwanao. Tuanzie pale." Aombe radhi mara moja, asirefushe, kwa sababu radhi ndefu nayo ni kujisimulia. Na kwa kuwa mshauri naye hufiwa, huachwa na hudaiwa, apewe mahali pa kuyasema hayo pasipokuwa mtaani kwake. Halmashauri mbili zinaweza kubadilishana: mhudumu wa Masasi ampigie mwenzake wa Nachingwea kila wiki mbili kwa nusu saa, bila kutaja majina ya wateja, na vocha ilipwe na ofisi. Huko aseme "ila" zake zote.